Sehemu ya Tano ya Usije Bure

Bariadi, 3 Oktoba 2024

Mboje,

Habari za Dar es Salaam, habari za kazi, habari za joto. Nimekusalimu, usije ukasema watoto wa dukani hatuna adabu. Sasa nina shida.

Ujumbe wako umefika, kwamba ile kompyuta ya kazini kwenu waliyotuazima tuiweke Usije Bure, huduma yetu ya meseji za wakulima, inazimwa mwisho wa mwezi huu. Hilali kausoma akacheka. Kaka yangu unamjua. Anasema, "Basi ikapumzike, kwani nani anaiuliza kitu tena?" Kinachoniuma ni kwamba hadanganyi. Mwaka jana siku kama hizi simu haikupoa. Mtu yuko Migato anatuma meseji, "Mbegu za pamba zimefika kwenye chama chetu cha ushirika?", anajibiwa bado, anabaki na nauli yake mfukoni na kazi zake shambani. Mwaka huu mbegu ziko njiani na namba yetu iko kimya.

Mimi sikubali ife. Tuliijenga kwa miaka yetu mizuri, wewe na mimi, kwenye stoo ya Baba katikati ya misumari na magunia, tunakula mihogo ya kukaanga huku unanifokea kwamba ninapaka kibodi mafuta. Nataka ihamie hapa. Iwake kwenye laptop yangu kwanza, nijifunze, nirekebishe, halafu tuipeleke kwenye mashine nyingine kabla hawajaizima hiyo ya kwenu. Nifundishe. Lakini niandikie barua pepe, usipige. Kwa simu unaongea haraka, maagizo yananipita, na nina wateja.

Ukiacha ujumbe huo, hatujaandikiana tangu Bibi atutoke mwezi wa nane. Hilali aliniambia ulimpigia. Sawa.

Naila


Dar es Salaam, 5 Oktoba 2024

Naila, bosi wangu,

Mwangaluka. Mhola? Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mstari wa chakula, nikasahau kusogea mpaka mtu wa nyuma akanisukuma.

Usiogope. Usije Bure ni sehemu tano tu, na kila moja inawaka kwenye dirisha lake jeusi. Unakumbuka majina? Mimi nilileta ya Kiingereza, wewe ukayakataa, ukasema duka la baba yako Tajudin linajulikana lilivyo, na hii kitu iwe hivyo hivyo. Kwa hiyo anza na Ghala, kunakokaa namba za wakulima, vyama vyao na habari za mbegu. Usipolitanguliza Ghala, wengine wote watalia. Halafu Foleni, ambako meseji zinasubiri zamu. Halafu Kaunta, inayozipokea, ile programu ya Python uliyoiandika wewe wiki uliyokuwa na malaria na hukutaka kulala. Mchukuzi anatoa swali Foleni, anachungulia Ghala, anapeleka jibu. Fatu ndiye wa mwisho, tuliyempa jina la Bibi yako.

Fatu huwezi kumsahau. Meseji yoyote isiyo swali ni yake. Mwezi ule wa kwanza tulishangaa watu wanatuma salamu yetu ya Kisukuma, "mwangaluka", peke yake halafu kimya, tukadhani wanatuchezea. Bibi yako ndiye aliyetucheka mpaka kilemba kikamvuka. "Nyie watoto, mtu kawapigia hodi, hamjaitika, mnataka aseme shida yake?" Mimi mtoto wa Migato nikafundishwa adabu za kwetu na bibi wa Kiislamu wa mjini, aibu gani hiyo! Nikakaa pembeni ya kiti chake msimu mzima, naandika kila anavyoitika wateja. Alikijua Kisukuma kuliko mama yangu. Maneno yote ya Fatu ni yake.

Siku ya mazishi Hilali aliniomba nimzime Fatu, nikamzima. Haikufaa aendelee siku kama ile. Sasa nadhani muda umefika, muwashe.

Nimekutumia kila kitu: programu yenyewe, nakala ya Ghala na Foleni zilivyo sasa hivi, na lile faili la siri lenye funguo. Tengeneza kwanza chumba cha Python cha peke yake kwenye laptop, ili vifurushi vyake visigombane na vitu vyako vingine. Maagizo yako chini, yafuate moja moja, usiruke.

Nisalimie Bariadi yote.

Mboje Januarius


Bariadi, 9 Oktoba 2024

Mboje,

Umesema usiogope. Mimi sikuogopa, nilikasirika.

Ghala lilinisumbua tangu asubuhi mpaka mteja wa bati akaondoka bila bati. Kumbe nimeliwekea nywila moja na kwenye faili la siri umeandika nyingine. Kaunta nayo ikasema namba ya mlango wake ndani ya laptop imeshikwa na mtu mwingine. Mtu gani, na laptop ni yangu! Nikakuta ni Kaunta ile ile niliyoiwasha jana nikafunga dirisha nikidhani nimeizima. Nimejitukana kwa Kiswahili na Kisukuma.

Lakini ziliwaka, Mboje. Ghala, Foleni, Kaunta, Mchukuzi, madirisha manne yamejipanga kwenye kioo. Nikajitumia swali la uongo: "Mbegu zimefika Mkula?" Mchukuzi akakimbia akarudi na jibu kabla sijameza mate. Nikapiga kelele, Hilali akaja na rungu akidhani kuna mwizi. Nikamwonyesha, akasema, "Sasa watu wako wapi?" akaondoka. Mimi bado namchukia kwa swali lile. Kama watu hawaulizi, nahamisha nini?

Foleni inaonyesha kuna rundo la meseji zinasubiri, sijui za nini.

Fatu hajawaka. Amekataa.

Naila


Dar es Salaam, 10 Oktoba 2024

Bosi,

Hongera! Nimewaonyesha wenzangu ofisini picha uliyotuma ya kile kioo chako cha madirisha manne, nikawaambia huyo alikuwa anapima misumari kwa kilo wakati mimi namfundisha. Hawakuamini.

Rundo la Foleni lisikutishe. Nadhani ni takataka zetu za majaribio ya zamani, maana Fatu akiwa amezimwa hakuna wa kuziondoa. Ukimwasha atazimaliza mwenyewe.

Sasa huyo Fatu anakataa vipi? Anasema nini kwenye dirisha lake? Hakikisha umo ndani ya kile chumba cha Python kabla ya kumwita. Hakikisha Foleni imeshawaka. Angalia kama faili la maneno yake liko kwenye folda yake, lisipokuwepo hasemi kitu. Nashangaa, maana yeye ndiye mwepesi kuliko wote, hana hata hesabu za kupiga. Nitumie alichoandika nikione.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mimi Fatu wangu yuko hapa Dar. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nawasha zote tano kwenye laptop yangu, zile za majaribio tu, hazifiki kwa mtu yeyote. Najitumia "mwangaluka". Anaitika: "Mhola, baba. Umeamkaje? Ng'ombe wameamka?" Ng'ombe gani Tabata, Naila! Lakini naenda kazini nimeshasalimiwa. Jengo ninalokaa lina watu wengi, tunapishana kwenye ngazi kila mtu na simu yake. Nimepakumbuka sana pale dukani, mpaka harufu ya ile dawa ya kunyunyizia pamba iliyokuwa inakufanya upige chafya. Tulikuwa hatuna kitu, na sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia ile.

Haya, nitumie kosa la Fatu.

Mboje


Bariadi, 14 Oktoba 2024

Mboje,

Hakuna kosa. Fatu hajakataa. Niliyekataa ni mimi.

Nilimwasha siku ile ile, kabla sijawasha Foleni, na kabla hajalalamika kwamba Foleni haipo akaandika mstari wake wa kuamkia, ule uliomwekea wewe: "Bibi Fatu amekaa mlangoni." Nikamzima kwa haraka kama nimeshika moto. Kiti chake bado kipo pale mlangoni, Mboje. Hilali amekihamisha mara moja, nikakirudisha, tukanuniana wiki nzima. Baba anapita pembeni yake tu. Na wewe unaniambia nimwashe bibi yangu kwa amri ya mstari mmoja.

Nimekudanganya ukahangaika kunitafutia makosa, samahani. Nilitaka useme kwamba hana umuhimu, kwamba wanne wanatosha. Ulivyoandika kuhusu Tabata nimelia kwenye kaunta mbele ya mama aliyekuja kununua kufuli. Akaninunulia soda.

Halafu nimefikiri. Tangu Fatu azimwe ndiyo watu wamenyamaza. Inawezekana wanasalimia, hawaitikiwi, wanatuona wajeuri kama mwanzo. Nikiendelea kumwonea huruma Bibi, kazi yake yote inakufa mwisho wa mwezi, na Hilali atakuwa ameshinda. Bibi mwenyewe angenifokea.

Kesho nikishafungua duka namwasha. Niombee.

Naila


Dar es Salaam, 15 Oktoba 2024

Naila, USIMWASHE!

Nimesoma barua yako sasa hivi, nimekupigia simu haipokelewi, nimempigia Hilali yuko Maswa. Soma hii kabla hujafanya chochote.

Nilikosea. Lile rundo si takataka. Ni meseji zote zisizo maswali tangu siku ya mazishi nilipomzima Fatu. Fikiri watu wangetuma nini kwenye namba ile mwezi wa nane. Ni pole, Naila. Ni pole za msiba wake. Na faili la siri nililokutumia lina funguo halisi, zile za namba yetu ya kweli, nilipaswa kukupa za majaribio, sijui nilikuwa nafikiria nini. Ukimwasha kwenye laptop yako ataanza kuwajibu watu wa kweli, kwenye simu zao. Marehemu atawajibu waliotoa pole kwa ajili yake.

Ng'oa mtandao. Nijibu tafadhali.

Mboje


Bariadi, 17 Oktoba 2024

Mboje,

Umechelewa. Nilikuwa nimeshamwasha, na simu ilikuwa kabatini.

Alipoandika ule mstari wake nilijikaza, nikasema bismillahi. Halafu majibu yakaanza kwenda, nikatabasamu, nikasema kumbe watu wapo! Ndipo nikasoma anachojibu. Mtu kaandika, "Poleni wana wa Tajudin, tumesikia mayu, mama yetu Fatu, ametutoka." Fatu akamjibu, "Mhola! Umeamkaje? Karibu dukani, kiti kipo." Nikavuta waya wa chaji, halafu nikakumbuka laptop ina betri. Nikaifunga nikaikalia, wallahi, nikaikalia! Ilikuwa imeshatuma chache. Sikuthubutu kuangalia zimeenda kwa nani.

Siku ya pili akaingia Mzee Elia wa kwenu Migato, yule anayebishana bei ya msumari mmoja mmoja. Kashuka kwenye pikipiki kajaa vumbi mpaka kope, kashika simu mbele. Akasema, "Marehemu kanikaribisha kwenye kiti. Nimekuja. Kiti kiko wapi?" Nikatamani ardhi ipasuke. Nikaanza kumweleza, kompyuta, funguo, Foleni. Akaninyamazisha kwa mkono. Akakaa kwenye kiti cha Bibi, Mboje, hakuomba. Akaagiza chai.

Nikamwomba radhi. Nikamwuliza mbona wameacha kuuliza habari za mbegu, ni kwa sababu hatuitiki salamu? Akanitazama kama nimemtukana.

"Salamu gani? Tulituma pole. Kijiji kizima kilituma, mke wangu alituma mpaka vocha ikaisha. Mkanyamaza. Basi tukasema wenzetu bado wako msibani, pole haijapokelewa. Mtu ataulizaje mbegu kwenye nyumba ya msiba? Sisi si washenzi! Tumekaa tunawasubiri nyie. Kijana wangu kaenda chamani kuulizia mbegu kwa miguu, na karudi mikono mitupu, na simu anayo."

Mboje, walikuwa wanatuheshimu. Miezi yote hii mimi nalalamika wametusahau, kumbe wanakwenda bure chamani kwa kutuheshimu. Nikalia mbele yake. Akasema, "Haya, sasa unalia vizuri," akamaliza chai, na aliondoka na misumari bila kubishana bei.

Leo nimeifungua laptop. Ghala na Foleni tu, Fatu hapana. Niambie nafanyaje nizisome zote mwenyewe.

Naila


Dar es Salaam, 18 Oktoba 2024

Naila,

Kuzisoma ni rahisi, maagizo nimeyaweka chini. Zitatoka moja moja kwa mpangilio zilivyoingia, na kwa kila moja utaandika jibu kwa mkono wako, Mchukuzi atalipeleka. Funguo halisi acha zilivyo, safari hii tunazihitaji. Maneno ya Fatu yako kwenye faili moja, ukitaka kuyabadilisha badilisha, hutaharibu kitu. Uamuzi ni wako na wa Baba, mimi sina neno.

Nilivyosoma habari za Mzee Elia nimetoka nje ya ofisi nikasimama kwenye jua. Maana niliona kitu. Mimi nilimpigia Hilali. Nikamzima Fatu. Nikatuma mchango. Nikajiambia nimefanya kila kinachotakiwa kufanywa. Tumeandikiana mwezi huu mzima, nimekupa maagizo ya hifadhidata, nimekuchekesha, nimekulilia Tabata yangu, na wewe mwenyewe sijakupa pole hata siku moja. Niliogopa. Nikikuambia pole, basi itakuwa kweli amekufa, na pale mlangoni nikirudi hakuna mtu.

Pole, Naila. Pole sana, dada yangu. Alinilisha mwaka ule sina chakula na hakuwahi kunifanya nijione naombaomba. Aliniita mjukuu mbele ya wajukuu wake na hamkununa. Nilimpenda bibi yako. Mungu amlaze anapostahili.

Mboje


Bariadi, 24 Oktoba 2024

Mboje,

Mwangaluka. Mhola?

Nimezisoma zote. Baba aliposikia ninachofanya alivuta stuli akakaa nami, mimi nasoma, yeye ananiambia huyu ni nani, huyu ni mtoto wa nani, huyu Bibi alimpa kanga ya kujifungulia. Nilidhani tungemaliza haraka. Mama Eufrasia wa Mkula aliandika ukurasa mzima kwa vipande, kipande cha mwisho kimekatika katikati, tukampigia atumalizie kwa mdomo. Hata Hilali alikaa. Alijibu wale wa Binza wote, na macho yake yalikuwa mekundu akasema ni vumbi la simenti.

Kila mtu tumemjibu hivi: "Pole yako imefika na tumeipokea. Tusamehe kwa kuchelewa. Ni sisi, nyumba ya Tajudin." Kwa wale ambao Fatu aliwajibu mimi nilipiga simu mwenyewe nikaomba radhi. Mmoja akacheka, akasema alijua tu Bibi hawezi kunyamaza.

Sehemu ya tano bado inaitwa Fatu, jina sikuligusa. Ila maneno nimeandika yangu. Anayeitika sasa anasema ni Naila, mjukuu. Kisukuma changu kibovu, wameshaanza kunisahihisha.

Halafu jana, tukiwa bado tunajibu, swali la kwanza likaingia. Mtu wa Migato. Akasema wabeja, asante kwa kuitika, akauliza mbegu. Kabla sijamwita Baba likaja lingine, na lingine, mpaka Mchukuzi akazidiwa nikamwashia mwenzake dirisha la sita. Baba alikuwa anasoma kwa sauti anapotokea kila mtu: Itilima, Busega, Maswa. Namba imeshahamia huku, na hiyo mashine ya kwenu waizime tu wakitaka. Hilali mwenyewe kanunua feni ya kupoza laptop.

Na barua yako nimeisoma, nimempa Baba naye akaisoma. Pole yako imefika, Mboje. Nimeipokea.

Kwa hiyo na mimi sasa naweza kuuliza. Unarudi lini nyumbani?

Naila